Siku Mama Mukubwa Alipovunjika Mgongo

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa nikipita sokoni hapa Kolwezi, upande wa samaki wa chumvi, wale tunaowaita makayabu, na mama mmoja akafungua gunia mbele ya pua yangu. Harufu ile! Kama ungekuwa na mafua ya miaka kumi, yangepona papo hapo na yasingerudi tena. Watu wengine waliziba pua. Mimi nilisimama nikavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini, mpaka muuzaji akaniuliza, "Mama, unauza ao unanusa tu?" Huku kwetu kuuza ni kununua pia. Basi nikanunua, nikaenda zangu nikiongea peke yangu njiani, kwa maana harufu ya samaki wale ilikuwa imenikumbusha gari.

Gari letu liliitwa Mama Mukubwa. Lilikuwa lile la mgongo mrefu na mlango wa nyuma, lililokuwa jeupe zamani sana. Umri wake hakuna aliyeujua. Jirani yetu, mstaafu wa mgodini, aliapa kwamba lilikuwa limekwisha kuzeeka wakati yeye bado anaota meno. Baba alikuwa dereva wa kampuni, na kampuni ilipoacha kulipa mishahara iliwagawia watu wake vitu chakavu badala ya pesa. Mwingine alipata viti, mwingine mabati. Baba alipata Mama Mukubwa, na siku alipoliingiza uani tulicheza ngoma mpaka kuku wakahama.

Lakini aliyelifanya liwe gari ni mama. Alikuwa akijaza makayabu huko nyuma, baba anashika usukani, wanakwenda Mutshatsha. Kule mama aliuza samaki karibu na stesheni ya treni, na kurudi walipakia makala, ndiyo makaa ya kupikia, mihogo, mahindi, kuku waliofungwa miguu, na watu. Ukiniambia lilikuwa gari la watu saba nitakucheka. Niliwahi kuwaona wakishuka, wakashuka, wakashuka, hata nikazunguka upande wa pili kuangalia kama hawaingii wengine kwa mlango ule. Honi yake ililia kama mbuzi mwenye huzuni, na tulipoisikia mwanzoni mwa barabara yetu, watoto wote watano tulitoka mbio, kwani siku hiyo kulikuwa na bukari, huo ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo, na makayabu yaliyolowekwa usiku kucha. "Loweka mpaka isahau chumvi," ndivyo mama alivyosema. Mimi nilikuwa mlowekaji mkuu. Mikono yangu ilinuka hata kanisani, na shuleni hakuna aliyegombea kukaa nami kwenye benchi.

Kazi nyingine ilikuwa kusugua. Mama alikuwa ametandika balatum huko nyuma ya gari, lile zulia la plastiki, la kijani lenye maua, sawasawa na la sebuleni kwetu. Alisema samaki wake hawatalala juu ya chuma kama wafungwa. Kila safari ilipokwisha tulimwaga ndoo za maji na sabuni, tukasugua mpaka maua yale yakakaribia kutoa harufu yao wenyewe. Gari safi namna ile halikuwepo katika Lualaba nzima, nakuambia, hata la gavana. Na maji ya chumvi yalikwenda wapi? Yalipenya pembeni, yakaingia chini ya balatum, yakatulia pale. Kila tulivyosugua ndivyo tulivyozidi kuyasukuma. Hakuna aliyefunua, miaka yote ile.

Siku lilipovunjika nilikuwa ndani, juu ya magunia ya makala. Ilikuwa likizo na mvua ilikuwa imelima barabara. Tulikuwa tunarudi, hatuko mbali tena na mji, gurudumu likaingia shimoni, nikasikia mlio kama mtu mkubwa anayevunja mfupa wa ng'ombe gotini. Gari likakaa chini katikati. Pua juu, mkia juu, tumbo barabarani. Milango ikagoma kufunguka isipokuwa wa nyuma, baba akatoka kwa dirisha, na sisi tukatolewa mmoja mmoja kama mikate. Tulishusha mizigo, akina mama wakajitwika walichoweza, na baba akaliendesha hivyohivyo mpaka nyumbani, mwendo wa konokono mgonjwa. Tulifuata nyuma kwa miguu kama watu wa mazishi, ila marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa anatuongoza.

Kesho yake baba alimwita tolie, fundi wa kugonga na kuunga mabati ya magari. Alikuja na nyundo ndogo, akajilaza chini, akaanza kugonga. Chuma kizima kinalia, ngii, kama kengele. Chuma kilichooza kinasema pfu, basi. Tulisikia pfu. Akasogea, pfu. Akaenda mbele kabisa, ngii moja, sote tukapumua, kisha pfu tena. Aliinuka, akashika ukingo wa balatum, akaifunua. Tuliona ardhi ya uani kwetu. Kuku mmoja aliyekuwa chini ya gari akainua kichwa, akatutazama.

"Ba mama," tolie akasema polepole, akishangaa, "hapa hakuna motokari. Hapa kuko rangi tu, na rangi yenyewe inasimama juu ya heshima."

"Unaweza kuunga ao hauwezi?" baba akauliza.

"Tata, kuunga mi nayua. Lakini nitaungia ku nini? Chuma ya mupya inaomba chuma ya muzima ya kushika. Nikiunga hapa, kesho itapasukia pale."

Jirani yetu alikuwa ameegemea ua, kama kawaida yake. "Tata, huyu amesha kufa! Munachelewesha kilio tu. Uzisha ku bale bantu ba vyuma."

"Weye hata kinga hauna," baba akamjibu, na kinga kwetu ni baisikeli, "halafu unafundisha mutu ya motokari?"

Tulicheka, lakini kicheko hakikukaa. Usidhani ni gari tu. Pasipo Mama Mukubwa hapakuwa na Mutshatsha, na pasipo Mutshatsha hapakuwa na sufuria. Mama alijaribu treni. Treni ya siku zile ilikuja ikijisikia, na alipokaa stesheni mpaka akajua majina ya mbwa wote wa pale, alirudi na magunia yake yakiwa yamelowa mvua. Nyumba ya makayabu ikawa haina makayabu. Tulikula bukari na lengalenga, huo mchicha ulioota nyuma ya nyumba, na lengalenga zilipokwisha tulikula bukari na chumvi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa akilamba kidole, anakigusisha kwenye gunia tupu la samaki, anakilamba tena. Mama alimwona. Alichukua gunia, akalikunja, akaliweka juu ya kabati.

Na baba aligonga. Alikuwa amejinunulia nyundo yake, na kila jioni, mvua ikikatika, alijilaza chini ya gari kwenye matope akigonga chuma baada ya chuma, akitafuta mahali panapolia. Akipata, alituita. "Sikilizeni! Hii si inalia muzuri?" Tuliinama sote watano, tukasikiliza, tukasema inalia. Ilikuwa inasema pfu. Kisha aliweka alama ya chaki pale. Baada ya siku chache tumbo lote la Mama Mukubwa lilikuwa na alama nyeupe, utafikiri ana tetekuwanga.

Mwishowe tolie akaitwa tena, kwa sababu baba alikuwa ameamua: vyuma vipya viwili kutoka mbele hadi nyuma, viungwe popote penye chaki. Tolie hakukataa. Nani anakataa kazi? Alianza kupima kwa kamba. Ndipo mama akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kikwembe.

"Fundi, nikuulize. Ukimaliza kuunga, bibi yako na batoto yako batapanda mpaka ku Mutshatsha? Na mvua hii?"

Tolie aliitazama nyundo yake kama iliyoulizwa ni yenyewe. "Mama," akasema, "bibi yangu anapendaka kutembea."

Jirani alicheka mpaka ua ukatikisika. Mama hakucheka. Baba akasema kwa haraka, "Basi hatupakie bantu. Samaki tu. Samaki hawaogope."

"Na shofere?" mama akauliza. "Shofere haiko mutu?"

Mama aliinama, akaitoa balatum yote ndani ya gari, akaikunja vizuri, maua ndani, akaingia nayo nyumbani. Tolie akakunja kamba yake. Sisi watoto tulielewa kwamba shauri limekatwa.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja siku ya mvua. Wakamkuta baba amekaa ndani ya gari, mikono juu ya usukani, anatazama mbele, na mbele palikuwa na ukuta wa choo. Walikuwa vijana wenye nguvu, na kamba zao na nyundo kubwa, lakini hakuna aliyethubutu kumgusa. Walisimama chini ya paa wakinong'ona, "Tata ataisha lini?" Mvua ilinyesha kana kwamba mbingu nazo zimetoboka chini. Ndipo mama akaenda. Milango ya mbele ilikuwa bado imegoma, kwa hiyo akaingia kwa dirisha. Mama yangu, rafiki, alikuwa mwanamke wa kujaza mlango wa kanisa. Alikwama kiunoni. Vijana wale wa vyuma ndio waliomsukuma, kwa adabu zote, "samahani mama, samahani mama," mpaka akaanguka ndani kando ya baba.

Vioo vikafunikwa na mvuke. Hatujui walisemezana nini, na hakuna aliyewahi kutuambia. Tulisimama mvuani tukitazama kioo cheupe. Baada ya muda mrefu ulitoka mkono wa baba dirishani, umeshika ufunguo, ukaushusha kwenye kiganja cha kijana aliyekuwa karibu. Kijana akaupokea kwa mikono miwili. Ufunguo wa gari linalokwenda kukatwa vipande! Lakini aliupokea kwa mikono miwili.

Pesa walizolipa hazikumaliza hata masika. Mama alirudi kuuza makayabu ya beseni kichwani, mtaa kwa mtaa. Mimi nilitoka shule mwaka ule. Nilimaliza nikiwa mama mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, kati ya wababa waliokoroma hata mwalimu akafundisha kwa kupiga kelele. Na baba alipata kinga. Alikuwa akisukuma makala kutoka barabara ileile ya Mutshatsha, magunia marefu kuliko yeye, na kwenye mlima ungeona kofia tu ikipanda. Jirani hakumtania hata mara moja. Alikuwa akimfungulia lango. Kikohozi cha vumbi la makala ndicho kilichomchukua baba, na aliondoka bila kusema kama mama alifanya vema. Mama ninaye kwangu. Nilimuuliza mara moja kama anajuta. Alikuwa anachambua sombe, akaendelea kuchambua.

Siku moja niliwachukua watoto wangu niwaonyeshe kiwanja chetu cha zamani. Unajua Kolwezi ilivyo sasa. Nikikuambia nyumba haipo utadhani imebomolewa, lakini hata udongo wenyewe haupo. Wachimbaji wa madini wameuondoa kwenye mifuko, pamoja na sebule, choo, na mahali pale peusi pa oili ambapo mahindi hayakuota. Kuna shimo refu na turubai la rangi ya machungwa. Nilinyoosha kidole katikati ya hewa nikasema, "Ni pale. Babu yenu alikaa pale kwenye mvua, na nkambo wenu, mama yangu, akaingia dirishani." Nilisimulia kwa mikono, kwa sauti, nikaongeza chumvi yangu. Watoto walitazama kidole changu, wakatazama shimo, wakatazama tena kidole.