Kipimajoto Kisichoyumba

Mimi ni fundi pikipiki hapa Majengo, na nilikuwa nasifika kwa kutobahatisha. Ndiyo maana Mwalimu mstaafu aliniletea ile pikipiki yake kuukuu ya safari ndefu. Kipimo chake cha joto la hewa kilikuwa kinasema nyuzi kumi na tano kwenye jua la saa saba mchana.

Nikachukua kipimajoto cha nyumbani, kile chembamba cha kioo, nikakiweka bandani. Asubuhi kilisoma thelathini na tisa. Jioni, thelathini na tisa. Nikawaambia wateja, kitu cha uhakika hakiyumbi. Nikaunga rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, kwenye waya wa sensa ya joto mpaka pikipiki nayo ikakubali thelathini na tisa.

Kesho yake Mwalimu alirudi kutoka Mwese amevaa makoti mawili.

"Fundi, kule milimani nimetetemeka njia nzima, kipimo kinaniambia thelathini na tano! Ulilinganisha na nini?"

Nikamwonyesha kipimajoto, kifua mbele. Mke wangu, aliyekuwa ameniletea chakula, akakichungulia.

"Baba Neema, hiki hakishuki mpaka ukikung'ute. Hiyo ni homa ya Neema ya juzi."