Je, Lenzi ya Zumu Ivae Kofia?

Jumamosi nilialikwa harusini, na kabla ya kwenda ukumbini tukapita ziwani, Igogo, kupiga picha. Bi harusi aliitaka moja kuliko zote: yeye na bibi yake, aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Ukerewe na miguu yake iliyovimba.

Wapigapicha walikuwa wawili, na kwa bahati mbaya wote walikuwa wataalamu. Jua la jioni lilitupiga kutoka majini. Mmoja akachukua kofia ya lenzi, ile ya plastiki ya kuzuia mwanga wa pembeni, akaanza kuifunga kwenye zumu, lenzi inayovuta picha karibu au kuipanua. Mwenzake akamshika mkono.

"Kaka, zumu haivai kofia. Ukipiga kwa upana, kofia yenyewe inaonekana kwenye kona."

"Labda kama umenunua kofia isiyo ya lenzi hiyo. Bila kofia, jua hili litapausha picha yote."

"Mimi miaka yote napiga bila kofia."

"Ndiyo maana harusi zako zote zina ukungu."

Wakaamua kulipiga picha jiwe, mara na kofia, mara bila kofia, wakainamia kioo cha kamera kulinganisha.

"Wajukuu zangu, nikae kwanza?" bibi akauliza.

"Subiri kidogo, bibi, tunamalizia."

Jua likazama. Jiwe lilikuwa limepata picha mbili, ile ya kofia safi sana. Bibi alipigwa gizani na shangazi, kwa simu, akiwa amefumba macho.

Mnaoniuliza, jibu ni ndiyo: jua likikuelekea, ivishe zumu kofia yake. Ila kwanza apatikane mtu wa kubonyeza.