Shuka la Mama Kwenye Meza Kuu

Ubavuni mwa gari la kampuni ya kuhamisha mizigo waliandika kwa herufi nyekundu: MALI YAKO NI MALI YETU. Niliyasoma maneno yale asubuhi, nyumbani Arusha, nikatabasamu. Nilidhani ni ahadi. Ningekuwa na akili siku ile ningeyachukua vilevile yalivyoandikwa, nikafunga mlango wangu na kwenda kukodi Fuso.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, umemegwa kutoka Arusha, na sisi watumishi wa ofisi yetu tuliambiwa tuhamie Babati. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Ofisi ilisema safari hii hakuna kuhama kihuni, na utingo akirusha vyombo vya watu kama magunia ya viazi. Imetafutwa kampuni ya wataalamu, itafunga mizigo, itasafirisha, na kwa kuwa Babati nyumba za watumishi hazikuwepo, itatuhifadhia katika godauni lake mpaka kila mtu apate pa kukaa. Tulipiga makofi. Nakumbuka nilipiga kwa nguvu kuliko wengi.

Walikuja na ovaroli za bluu, glavu, maboksi na selotepu. Hata kijiko walikifunga karatasi. Walikuwa na sharti moja, walilirudia kila nilipoinama kuokota kitu: mteja hagusi mzigo. Mimi niliyefua na kufagia maisha yangu yote nikasimama katikati ya sebule yangu nimekunja mikono, na niseme ukweli, nilisikia raha.

Aliyekataa ni mama yangu. Mama alikuwa mjane, mkulima kutoka milima ya Mbulu, nilimleta mjini kwa sababu ya mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, la pili lilimwonyesha vivuli tu. Alikuwa ameketi kitandani amekumbatia furushi lake la khanga, na ndani ya furushi mlikuwa na shuka lake la kuzikiwa.

Lazima nilieleze shuka hilo. Mama alipokuwa kijana, wanawake wanne wa kigango chao cha kanisa walikubaliana kila mmoja atengeneze shuka jeupe la kufunikwa siku ya kufa, na kila shuka lidariziwe na wote wanne, kila mmoja pembe yake. La mama lilikuwa na msalaba, hindi, ndege, na pembe aliyoidarizi mwenyewe, kibuyu. Aliyedarizi msalaba alishakufa, wa hindi alishakufa, na wa ndege alikufa mwaka mmoja kabla hatujahama. Mama alibaki peke yake.

"Hili nitalipakata mwenyewe," alisema.

Msimamizi wao, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alimpigia magoti. "Shikamoo bibi. Bibi yangu, safiri mikono mitupu, upumzike. Sisi ndiyo kazi yetu."

Mama akageuza uso upande niliokuwa nimesimama, akisubiri nimtetee. Nami nilikuwa nimeshamwona mke wa bosi wangu kwenye kiti cha mbele cha gari la ofisi, na mkoba wake mweusi unaong'aa. Niliona haya kupanda gari lile na mama amekumbatia furushi kama tunakimbia njaa. Nikasema, "Mama, wape. Hawa ni wataalamu." Akawapa.

Vumbi la kutoka Minjingu hadi Magugu tulilila wote, bosi na mpiga chapa. Babati nilipata chumba kimoja na nusu huko Mutuka, kwa mama mmoja mkulima ambaye naye kwao ni Mbulu. Yeye na mama walisalimiana kwa Kiiraqw, na kabla ya jua kuzama walikuwa wanachambua maharage pamoja. Vyombo vyetu vilikwenda godauni, barabara ya Bonga. Tuliambiwa ukihitaji kitu chochote, siku yoyote, njoo useme tu.

Nilikwenda siku ya tatu. Mama alikuwa na tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa jicho katika hospitali ya misheni, na alikuwa ameshasema la kwake: haendi bila shuka.

"Nikilala kwa sindano yao nisiamke, mtanifunika na nini? Mapazia?"

Mtunza godauni alikuwa mzee nadhifu, kalamu mbili mfukoni, aliyestaafu kutoka stoo ya serikali. Alinipokea kwa heshima zote, akafungua milango miwili ya bati, akasimama pembeni ili nione kazi yake. Sijasahau nilichokiona.

Vitanda vyote vilikuwa pamoja, na magodoro yote yamepandana hadi karibu na dari. Masufuria yalipangwa kwa ukubwa, kuanzia la kupikia harusini hadi la uji wa mtoto, ya kaya zote tisa zilizohama. Ndoo zilikaa na ndoo, picha za harusi na picha za harusi, maharusi tisa wakinitazama ukutani. Yale maboksi yaliyoandikwa majina yetu yalikuwa yamefunguliwa yote, yakakunjuliwa, yakarundikwa vizuri kwenye kona yenye kibao: MABOKSI, MATUPU.

"Mzee," nilisema, "vitu vyangu viko wapi?"

"Vipo vyote, mwanangu. Hakuna hata sindano iliyopotea." Akafunua daftari kubwa kama meza. "Niulize humu ndani kuna ndoo ngapi, nakujibu sasa hivi."

"Ndoo zangu ni zipi?"

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Stoo haipangwi kwa watu. Watu wanahama, wanakufa. Stoo inapangwa kwa aina."

Miaka thelathini alitunza mabati na majembe ya serikali, na jembe la serikali halina mwenyewe, likitoka moja linaingia jingine kama lile. Hakuna aliyemwambia kwamba sufuria la mtu si jembe la serikali. Hilo nalielewa sasa. Wakati ule sikuelewa kitu, nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima, naye akayasikiliza kwa utulivu hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nataka kuandika barua ya malalamiko, kuna faili lake.

Tulitafuta shuka. Chini ya MASHUKA halikuwepo. Chini ya NGUO, ZA KIKE halikuwepo. Khanga ya furushi niliikuta mwenyewe, imekunjwa kati ya khanga za wanawake wenzangu, tupu. Mtu alifungua fundo la mama yangu, akatoa kilichokuwamo, akakunja khanga vizuri na kuipeleka kwa wenzake! Na alifanya hivyo kwa glavu.

Nilirudi godauni mara nne katika wiki mbili. Kila nikirudi nyumbani mama alisikia hatua zangu uani, akaacha kuchambua alichokuwa anachambua. Nami nilijitangulizia kwa kuilaani kampuni kuanzia mlangoni, uzembe wao, ubishi wao, ovaroli zao. Tarehe ya hospitali ilipita. Vile vivuli vya jicho la pili navyo vikaanza kumpotea, akawa anashika ukuta kwenda chooni.

Ndipo likaja jambo la mgeni. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuwa anakuja kuutazama mkoa mpya, na ofisi yetu haikuwa na hata viti vya kutosha kumkalisha. Bosi wangu alihangaika siku mbili, ya tatu akaja anacheka. Kampuni ya mizigo imejitolea kupamba ukumbi. Hatukujiuliza itaupamba na nini. Mimi nilipangiwa kumimina chai.

Niliingia ukumbini na chupa mbili za chai, moja kila mkono. Mwenzangu wa masjala, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alinigusa kiwiko. "Umeliona kochi langu?" alininong'oneza. Kochi lake lilikuwa mbele kabisa, mgeni amelikalia. Mwenzangu alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Nikatazama kochi, kisha nikatazama meza iliyokuwa mbele ya kochi.

Meza kuu ilikuwa imetandikwa shuka la mama yangu.

Sikuhitaji kulitazama mara mbili. Hindi lilikuwa linaning'inia upande wa bosi. Ndege alikuwa kwenye goti la mgeni. Katikati palikuwa na soda, sahani za sambusa, vikombe, na chombo cha maua ya plastiki ambacho nacho kilikuwa cha mtu.

Mtunza godauni alikuwa pembeni, amevaa tai. Nilimwendea na chupa zangu mikononi.

"Mzee, ile ni sanda ya mama yangu."

"Ipi?"

"Mezani. Ndilo shuka ninalolitafuta wiki mbili."

Akakunja uso, akafikiri kweli. "Hapana, mwanangu. Kile ni kitambaa cha meza. Kimedariziwa. Kipo kwenye daftari, vitambaa vya meza, kikubwa, kimoja."

"Ni cha kuzikia!"

"Shii. Sanda gani inadariziwa ndege?"

Hapo bosi wangu alinyanyua kichwa, akanitazama, akatazama vikombe. Akapiga ukingo wa kikombe chake kwa kidole, mara mbili.

Nimeshaeleza tukio hili kwa watu wengi, na kila mara nikifika hapa naeleza kosa la mzee yule, na tai yake, na daftari lake, mpaka msikilizaji anapiga meza kwa hasira. Ni hadithi inayowakasirisha watu vizuri. Namwambia jinsi mgeni alivyokula sambusa, akatafuta cha kufutia vidole, akachukua kilichokuwa karibu na mkono wake, yaani yule ndege, akajifuta taratibu kidole kimoja kimoja. Namwambia jinsi chai ilivyomwagika bosi alipocheka, ikaingia kwenye shuka ikatanuka. Yote ni kweli.

Mgeni alipoondoka, vumbi la gari lake halijatua, nililipuka. Nilimshika mtunza godauni tai. Nilimwita mwizi, nikamwita mchawi, nikaiita kampuni yake genge la fisi wanaofukua makaburi kabla watu hawajafa. Wenzangu walinitoa mikono. Nikavuta shuka mezani mimi mwenyewe, vikombe viwili vikavunjika, sijui vya nani. Na yule mzee, tai imepinda, alinifuata hadi mlangoni na daftari lake nisaini: kitambaa cha meza, kikubwa, kimoja. Nikasaini. Nilitaka kuondoka tu.

Nililifua kwa sabuni ya mche, nikalifua kwa ndimu, nikalianika juani siku mbili nyuma ya nyumba upande ambao mama hakuzoea kupita. Mafuta yalitoka kwenye ndege. Chai haikutoka yote, ilibaki alama ya kahawia, ukubwa wa kiganja. Mama asingeiona. Nilijiambia hivyo, nikaona aibu, kisha nikajiambia tena.

Nilimpelekea jioni. Alikuwa barazani na mama mwenye nyumba, wanamenya karanga. Nikamwekea shuka mapajani bila kusema kitu. Mikono yake ililijua kabla yake mwenyewe. Ilitafuta pembe ya kwanza, ikapapasa msalaba, ikaenda kwenye hindi, ikaja kwa ndege, ikakaa hapo muda mrefu. Halafu akaliinua puani.

"Ndimu," alisema. "Lilikuwa na nini?"

Ningeweza kusema vumbi la godauni. Lakini hasira ilikuwa bado imenijaa, na hasira inapenda kusikilizwa. Nikamweleza yote, kwa sauti, nimesimama, nikionyesha kwa mikono: ndoo na ndoo, khanga tupu, meza kuu, sambusa, vidole vya mgeni, yule mzee na ndege wake. Mama mwenye nyumba alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Mama yangu alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kikizunguka kwenye ndege.

Nilipomaliza, nilisubiri awalaani pamoja nami.

"Wewe ulikuwepo tangu mwanzo?" aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Uliliona kabla hawajala?"

"Nililiona, mama. Nilimwambia yule mzee palepale. Nilimwambia!"

"Na chai nani aliwamiminia?"

Ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi, nikajifanya nawatazama. Mama mwenye nyumba alianza kukusanya maganda ya karanga ambayo hayakuhitaji kukusanywa.

"Mimi," nikasema.

Mama aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa saa. Hakunigombeza. Alilikunja shuka, mara mbili, mara nne, kingo zikikutana sawasawa ingawa hakuziona, akasema sasa anaweza kwenda hospitali, nimtafutie tarehe nyingine. Nikanyoosha mikono nilichukue nikaliweke ndani, mahali pakavu, palipo salama.

Akalivuta kwake. Aligeuka upande wa pili, akampapasa mama mwenye nyumba, mwanamke aliyemfahamu kwa majuma matatu tu, akamwekea shuka mapajani.

"Nitunzie wewe," alimwambia, na alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Nikifa, uje nalo wewe mwenyewe. Huyu wangu anaogopa wakubwa."