Njia Nzuri ya Kutofika Rugoma

Kabla ya vita, watu wa Kiringye walimpa Donatien jina la Promenadi, yaani Matembezi, na hawakumpa kwa kumsifu. Mtu mzima mwenye mke na shamba la mpunga, halafu kila Jumapili ya kiangazi anapanda milima na wageni kwenda kutazama maji yanayoanguka! Pudentienne, mkewe, alikuwa akimwuliza mbele ya watu, "Yale maji yanaanguka tangu Mungu aumbe dunia, hayajaomba msaada. Weye unaenda kuyashikia wapi?" Watu walicheka, Donatien akacheka nao, kisha akaenda kuangalia kama kamba yake imekauka.

Safari ya maporomoko ya Rugoma ilikuwa na kazi yake. Donatien alisoma hadi mwaka wa nne tu, lakini alikuwa na daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, na humo alipanga kila kitu: nani ana magoti mabovu, nani ataogopa kuvuka juu ya gogo, nani abebeshwe sufuria ili aache kusumbua wasichana wa kwaya. Njia aliichora kwa kalamu ya bik, bonde kwa bonde. Saa hakuhesabu. Rugoma ilihesabiwa kwa mapumziko: la kwanza penye mkuyu, la pili penye mawe matatu, la tatu kwenye msalaba wa bati, mpaka saba. Tena ilikuwa na sheria moja. Pale njia inapogawanyika, aliyetangulia alikata tawi bichi akalilaza kwenye njia iliyofungwa. Tawi likilala, hupiti. Huliruki, huligusi, aliyelilaza ndiye wa kuliondoa. Wachungaji wa milimani walifuata sheria hiyo tangu zamani, naye aliwafundisha wageni wake wote.

Vita vya pili vilipoingia bondeni, alilichoma daftari lile katika moto wa jikoni. Karatasi yenye njia ilikuwa hatari kuliko panga. Kisha akapanga safari nyingine, ya watu arobaini na wawili, na hiyo hakuna aliyeicheka. Walipanda wazee, wachanga, mbuzi, mama yake mzazi na Pudentienne. Nyuma ya Rugoma kuna pango pana, na ngurumo ya maji hufunika kilio cha mtoto. Wakakaa humo. Yeye alirudi Kiringye kulinda mpunga na kupandisha chumvi, bila kushika siku maalumu. Aliyemwuliza habari za mkewe alijibiwa kwamba yuko Burundi kwa dada yake. Aliyeuliza mara ya pili, Donatien alimwandika moyoni.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwaka wa pili wa vita hivyo, alikuwa akizibua mfereji wa shamba alipoona viatu vimesimama juu ya tuta. Viatu aliviona kabla ya mtu. Vilikuwa vyeusi, vipya, vya kamba ndefu.

"Yambo, mukubwa. Umenisahau? Miye Eugène, wa kwaya ya Kimanga, kule Uvira. Nilibeba sufuria."

Donatien alimkumbuka. Sasa alikuwa mwalimu huko Uvira, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Lakini walimu wa Uvira siku hizo walivaa kandambili.

"Sufuria uliiangusha," Donatien alisema.

"Niliona nyoka."

"Nyoka aliyekufa. Umefuata nini Kiringye?"

"Nataka unipangie promenadi ya Rugoma. Bantu sita, juma lijalo. Watu wamechoka na mji, wanataka hewa."

"Hewa ya Kimanga imekwisha?"

Eugène alicheka, lakini kicheko kilimkatikia katikati. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ni saa ngapi mpaka kule juu? Kivuko bado ni kimoja? Na kule, iko nyumba? Iko mbwa?"

Donatien aliinama akaendelea kutoa matope, ili uso wake usionekane. Mtu aliyewahi kwenda Rugoma angeuliza mapumziko. Saa huulizwa na wale wanaotaka kufika kabla watu hawajaamka. Na mpenda hewa, mbwa wanamhusu nini?

Akikataa, watajua kuna kitu kinafichwa, watamtafuta mwingine. Akikubali, atakuwa amewapeleka mwenyewe mpaka kwenye mlango wa mama yake.

"Kesho tutapanda sisi wawili," alisema hatimaye. "Siwapangii watu njia ambayo kiongozi wao hajaikumbuka vizuri."

Walitoka kulipokucha. Siku zote Donatien hutangulia. Siku hiyo alitembea nyuma, panga mkononi, akiitazama shingo ya Eugène. Alimwona akigeuza kichwa kwenye kila kijia. Alimwona akitikisa midomo kama mtu anayehesabu hatua. Penye mkuyu alimpa muhogo mbichi. Eugène akautafuna bila kumaliza, na kwa mtu aliyepanda mlima bila chai hilo nalo lilikuwa jambo la kutiliwa shaka.

Kwenye msalaba wa bati njia inagawanyika. Kushoto ni Rugoma. Kulia ni Kanyunyi, maporomoko madogo katikati ya miiba, ambako hakuna anayekaa. Donatien alipita mbele, akakata tawi bichi, akalilaza kwenye njia ya kushoto.

"Nina haja ndogo," alisema. "Weye endelea, nitakukuta."

Akaingia vichakani, akazunguka, akachuchumaa mahali ambapo angeona bila kuonekana. Hapo ndipo alipoona kosa lake: hatua tatu tu ng'ambo ya tawi, mavi ya mbuzi, mabichi, yanang'aa kama maharage yaliyooshwa. Ni mbuzi wa Pudentienne, hana adabu, huwa anashuka kuliko wenzake.

Eugène naye aliyaona. Akayatazama muda mrefu. Akainua kichwa, akategea sikio, na kweli, upepo ulipogeuka, ngurumo ya Rugoma ilisikika kwa mbali. Donatien alishika mpini wa panga. Atakalomfanya mtu huyo akivuka, hakutaka kulifikiri mpaka mwisho.

Eugène hakuvuka. Aliketi juu ya jiwe, akaligeuzia tawi mgongo.

Donatien alitoka vichakani. "Mbona huendelei?"

"Iko tawi."

"Tawi ni tawi tu."

"Weye ndiye unasema hivyo?" Eugène alikuwa akitazama viatu vyake. "Mukubwa, usinipitishe pale. Nikipita nitajua. Nikijua nitaulizwa. Na miye si muntu wa kupigwa akanyamaza. Nilikimbia nyoka aliyekufa, unanijua."

Kisha akasema yote. Mdogo wake Franck alikamatwa kwenye bariyeri ya barabarani, leo siku ya kumi na tisa. Wenye bunduki walisikia kwamba kaka wa Franck aliwahi kwenda Rugoma na kwaya. Wakampa viatu na karatasi. Wanataka saa, vivuko, nyumba na mbwa; akiipeleka karatasi hiyo Jumamosi, Franck atatoka.

"Nitajuaje kwamba si wao waliokufundisha kusema haya?" Donatien aliuliza.

"Huwezi kujua."

Tangu jana, hilo lilikuwa neno la kwanza la Eugène kumpendeza.

"Lete hiyo karatasi. Una bik?"

Alichora akiwa amepiga goti kwenye jiwe. Mkono ulikuwa haujachora tangu daftari liungue, lakini ulikumbuka. Alichora njia ya kulia. Akaweka kinamasi mahali pa kinamasi na gogo mahali pa gogo, maana watakaoifuata wana macho. Akageuza mapumziko kuwa saa, kama walivyotaka. Mwishoni akachora Kanyunyi na vibanda vya wachungaji vilivyoachwa kando yake, juu yake akaandika: Rugoma.

"Watakuta hapana muntu," Eugène alisema. "Watasema nimedanganya."

"Watakuta majivu ya wachungaji. Andika kwa mkono wako: walikuwapo, wanahamahama. Andika mbwa wawili, wakali. Mbwa huhama na wenyewe."

Eugène aliandika, akaitazama karatasi. "Mukubwa, hii ni nzuri kuliko ile ya kweli."

"Ile ya kweli ilikuwa na wasichana wa kwaya."

Safari hii kicheko cha Eugène hakikukatika. Wakaagana. Donatien alisimama pale mpaka shati jeupe likapotea chini, akasubiri tena kitambo kirefu, asije akawa amegeuka. Kisha akasogeza tawi, akapita, akalilaza tena nyuma yake, akafagia mavi ya mbuzi kwa majani.

Alipofika pangoni aliwaambia watu wafunge mizigo. Wanahama siku hiyohiyo, kuvuka migongo miwili ya milima.

"Si umesema aliligeuzia tawi mgongo?" Pudentienne aliuliza, mtoto wa jirani mkononi.

"Aliligeuzia. Lakini mavi ya mbuzi aliyatazama kwanza."

Siku ya kumi na mbili walisikia risasi upande wa Kanyunyi na kuona moshi wa vibanda. Rugoma hakuja mtu. Wangeweza kubaki pangoni, pakavu, na jambo hilo Pudentienne alimkumbusha majira yote ya mvua, kila tone lilipopita kwenye majani ya paa. Donatien aliongeza majani. Alijiuliza tu kama Franck alitoka, na kama Eugène aliwahi kusema, hata usingizini, habari za ngurumo iliyosikika kushoto.

Miaka ikapita, watu wakashuka, magari yakaanza tena kujaa barabarani. Siku ya soko huko Sange, Donatien alikuwa akichagua jembe, mtu akamgusa bega. Alitazama chini kwanza. Kandambili.

"Mukubwa! Huyu ndiye Franck."

Kando yake alisimama mwanamume mwembamba asiye na meno ya mbele, gunia la mpunga begani. Alimsalimu Donatien kwa mikono miwili, baada ya kulitua gunia.

"Sasa iko amani kidogo," Eugène alisema. "Tupangie promenadi. Ya Rugoma ya kweli."

"Maji yamepungua sana," Donatien alijibu.

"Tawi bado liko?"

"Bado."

Eugène alitikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo. Kisha akauliza, "Basi niambie tu. Ni mapumziko mangapi?"

Neno "saba" lilimfika Donatien kwenye ulimi, akalimeza. Alilipia jembe, akalijaribu mpini, akamtazama Franck, akamtazama Eugène.

"Njooni Kiringye Jumapili, nyinyi wawili tu. Tutayahesabu tukitembea."

Nyumbani Pudentienne alicheka mpaka akakaa chini. "Promenadi amefufuka!" Donatien alimwacha acheke, akaenda kuitoa kamba juani. Jumamosi alipanda peke yake mpaka kwenye msalaba wa bati. Tawi alilokuwa akilibadilisha kila lilipokauka lilikuwa limelala palepale. Aliinama kuliondoa, akalishika, kisha akaliacha. Lingeondoka kesho, akishaona wamevaa viatu gani.