Severina na mashine ya mkwe wake

Saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa Agosti ukiwa bado unakata masikio, Severina Alute anavua ndala, anapandisha kanga magotini na kuingia mtoni. Maji yanamfika kwenye vifundo tu vya miguu. Anainama mbele ya bamba la chuma lenye namba kama rula, anaondoa majani yaliyonasa, kisha anasoma taratibu.

"Vidole viwili," anasema. "Jumatatu vilikuwa vinne."

Vidole viwili ndiyo nafasi iliyobaki kati ya maji na mstari mwekundu. Maji yakishuka hadi mstarini, mashine zote kumi na saba zinazomwagilia vitunguu kwenye kingo hizi, nje kidogo ya Ulemo wilayani Iramba, lazima zizimwe. Kinachobaki si cha mkulima tena. Ni cha mto wenyewe: kambare waliojibana kwenye vidimbwi, miti ya ukingoni, mifugo, na watu wa vijiji viwili vya huko chini.

Severina ana miaka 54. Jumuiya ya watumia maji ilimchagua miaka minne iliyopita asome kipimo kila asubuhi, na siku ikifika apite kwa miguu, mashine hadi mashine, kutangaza kufunga. Mshahara hana. Amepewa daftari na mabuti, na mabuti yenyewe yanavuja.

Zamani, anasimulia, mvua zilianza Novemba zikaenda hadi Aprili, na maji yalifika mstarini vitunguu vikiwa vimeshang'olewa. Siku hizi mvua inakuja Januari kwa fujo, inabomoa kingo, inaondoka. Mto unachoka mapema.

Ila mwaka jana hakuponzwa na mvua. Aliponzwa na heshima.

Siku ya kufunga ilipofika alizima mashine kumi na sita. Ya kumi na saba ni ya Zefania, mume wa binti yake Elina. Kwa malezi aliyokulia Severina, mama mkwe haendi alipo mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anapisha vichakani. Kumsimamia mkwe shambani na kumwambia azime ni jambo ambalo halikumwingia akilini kabisa. Akatuma ujumbe kwa Elina. Elina, ambaye vitunguu hivyo ni jasho lake pia, akajifanya hamnazo.

Mashine moja haikaushi mto, lakini inasikika. Wakulima waliisikia ikinguruma, wakaulizana ni ya nani, na walipojua wakacheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema. Kesho yake ziliwashwa tano, na wiki haikuisha kabla ya zote kuwaka.

Mto ulikatika siku ishirini na mbili. Huko chini Amne Hamisi, mama wa watoto watano, alichimba mchanga kutafuta maji mpaka kichwa chake hakikuonekana tena juu ya shimo. Ukingo ukamporomokea. Alitolewa mzima, ila mguu mmoja ulivunjika na mpaka leo anauburuta. Hakumtukana Severina. Alimwomba kitu kimoja tu, aende akaone. Severina alikwenda, akaliona shimo, akawaona kambare waliokaukia kwenye tope.

"Nililia," anasema. "Niliogopa kuvunja heshima ya mtu mmoja, nikavunja mguu wa mwenzangu."

Mwaka huu mwenyekiti wa jumuiya, Nathanaeli, alipendekeza kwamba kwa Zefania atumwe mtu mwingine. Severina akakataa, maana watu watasema kuna sheria ya wote na sheria ya mkwe. Badala yake alikwenda kwa wifi yake Eliza, mkubwa wa ukoo, kuuliza kama mila ina mlango. Bibi huyo alimkumbusha kwamba nyumba ikiungua, wakwe huitana na kupeana ndoo. Basi na aende, asimame akimpa mkwe mgongo, aseme neno lake.

Gharama anaijua. Vitunguu vya Elina bado vinahitaji kumwagiliwa mara tatu. Vikikosa vitabaki kama gololi, na nyumba ile haina shamba lingine. Severina amemtengea binti yake magunia manne ya alizeti, zaidi ya nusu ya alizovuna yeye mwenyewe, na katika kikao kijacho ataomba kila mkulima apunguze matuta msimu ujao na awahi kupanda. Lakini habari ya alizeti Elina hajaisikia. Tangu ajue mama yake atakuja kuzima, wiki ya tatu sasa hajakanyaga kwake.

Kwa hesabu ya Severina, maji yatafika mstarini Ijumaa au Jumamosi. Mashine ya Zefania ataizima ya kwanza kabla ya zote.

"Kutoka pale mashine inapokaa hadi mlangoni kwa mwanangu ni hatua hamsini tu," anasema, akitoka majini na kutafuta ndala zake. "Mkwe atazima, hilo sina wasiwasi nalo. Ninachoomba ni Elina atoke nje anipe shikamoo."