Vernelle na Njia ya Watu Watatu

Kwa miaka ishirini na saba Vernelle Gaskins alipanda gari la mtu baki kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, na hakuwahi kujua jina la dereva hata mmoja. Ukimwambia ni jambo la ajabu, atakukodolea lile jicho lake zima mpaka ujione wewe ndiye wa ajabu.

Jicho la kushoto lilikufa akiwa na miaka thelathini na nne. Alikwenda mwenyewe kurudisha leseni ya udereva kabla hajaombwa, kisha akarudi nyumbani, mjini Stafford, akalia, maana kazi yake ilikuwa Washington, maili arobaini kaskazini, na basi lilikuwa linazunguka kama lina mashetani. Jirani ndiye aliyempeleka kwenye mstari.

Barabara kuu ya Tisini na Tano ina njia ya katikati ya magari yenye watu watatu au zaidi. Aliye peke yake hubaki kwenye foleni na wapweke wenzake. Kwa hiyo dereva anayetaka kuwahi hupita kwenye uwanja wa kuegesha magari, akakuta watu wamejipanga, akashusha kioo na kutaja aendako, na wawili wa mbele wakaingia. Hakuna nauli wala msimamizi. Abiria haanzi mazungumzo. Dereva akinyamaza, mnanyamaza wote mpaka Washington. Na mwanamke haachwi peke yake kwenye mstari, hata kama anayemsubiri atachelewa kazini. Sheria hizi hazijaandikwa popote, na sijasikia aliyezivunja akasalimika na macho ya watu.

Hivyo ndivyo Vernelle alivyoifikia meza yake katika ofisi ya pensheni za wajane wa askari. Alifungua bahasha zao, akasoma barua ambazo hakulazimika kuzisoma, akazisukuma faili zao mbele ya wakubwa mpaka zikasainiwa. Naye alikuwa akiihesabia miaka pensheni yake mwenyewe.

Tatizo la njia ya watu watatu ni kwamba ilianzia maili tisa mbele ya kwao. Maili tisa hizo waliburuzana na kila mtu. Siku serikali ilipoamua kuipanua barabara na kuileta njia hiyo hadi Stafford, Vernelle alishangilia kuliko wote, na kwa miaka mitatu akawa mtazamaji wa kazi ile kupitia dirisha la nyuma la magari ya watu. Aliona katapila zikiukata mlima wa udongo mwekundu kama mkate. Aliona nondo zikifungwa, zege likimwagwa, nguzo zikiota moja baada ya nyingine. Asubuhi moja foleni ilisimama kabisa, akaona winchi mbili zimeinua boriti ya zege ndefu kuliko kanisa lao, inaning'inia angani, na chini yake mwanamume mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa anaielekeza kwa kamba nyembamba tu. Boriti ikageuka taratibu, ikatii, ikalala mahali pake. Vernelle alijiziba mdomo ili asivunje kanuni ya gari la watu. Hakujua binadamu wanaweza kufanya jambo kubwa hivyo kwa utulivu hivyo, na tangu siku hiyo aliipenda ile barabara waziwazi, kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani.

Ndipo barabara ikataka uwanja. Kibao kiliwekwa: kuanzia Jumatatu uwanja wa zamani utafungwa, njia mpya itapita juu yake, na magari yataegeshwa uwanja mpya, maili mbili kutoka hapo. Vernelle alikwenda ofisi ya mradi kuuliza mstari utasimama wapi. Karani alimsikiliza kwa adabu, akakunjua ramani, akamwonyesha nafasi elfu moja za magari, vyoo na kituo cha basi. Kisha akauliza, mstari gani?

Jumapili jioni mdogo wake, Imogene, alimkuta anapiga pasi nguo za kesho huku ameukunja uso.

"Dada, na wasipokuja?" Imogene aliuliza.

"Watakuja."

"Nani kawaambia? Hamjuani hata majina. Miaka ishirini na saba mnakaa garini kama mnatoka mazishini."

Vernelle aliigeuza nguo akaipiga pasi upande wa pili. Mstari ukivunjika, kazi ingeondoka nao, na pensheni nyuma yake, aliyobakiza mwaka mmoja na nusu tu kuipata.

Jumatatu, saa kumi na moja na robo alfajiri, Imogene alimshusha uwanja mpya akaenda zake zamu ya hospitali. Uwanja ulikuwa mkubwa kupita kiasi, taa kila mahali, lami bado inanuka. Vernelle alisimama penye nguzo ya kwanza karibu na lango, kwa sababu kule walikotoka walisimama karibu na lango. Alikuwa peke yake. Mbali sana, nyuma ya kibanda cha kioo cha kituo cha basi, aliona vivuli vya watu wanaongoja basi.

Robo saa ikapita, kisha nusu. Magari yaliingia yenye mtu mmoja mmoja, yakapunguza mwendo, yakamtazama, yakatoka. Hatimaye gari la kijani likasimama, kioo kikashuka, mzee mmoja akasema Washington, wawili. Vernelle akamwambia yupo mmoja tu. Mzee alitazama huku na huku, akaona hawezi kumwacha mwanamke pale, akazima injini. Wakangoja, yeye ndani, mwenzake nje, bila neno.

Vernelle alihisi machozi yanakuja. Akavitazama tena vile vivuli vya mbali, akawaonea wivu kwa kuwa basi lao lingefika tu. Lakini basi halikuwa limefika. Dakika arobaini! Na watu wa basi, likichelewa, hunung'unika, huangalia saa, hulaani dereva na waliomzaa. Hawa walikuwa kimya kabisa, mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna watu duniani wanaonyamaza namna ile isipokuwa wa kwake.

Akavuta pumzi, yeye ambaye hakuwahi kuanza mazungumzo.

"Jamani! Mstari ni huku! Magari yanaingilia huku!"

Sauti ilipita juu ya lami yote. Vichwa vikageuka pamoja. Kisha wakaanza kuja, si kumi, si ishirini. Walitoka nyuma ya kibanda kama hamsini hivi, mikoba begani na vikombe vya kahawa mkononi, wakavuka uwanja bila kusukumana, na wakajipanga upya, kila mmoja nyuma ya yule aliyemkuta. Hakuna aliyeamuru. Vernelle aliwatazama. Boriti ile iliinuliwa na winchi mbili. Watu hawa waliinuliwa na nini?

Mmoja wao, askari wa jeshi mrefu mwenye sare, alifika mbele, akasimama nyuma ya Vernelle.

"Tulikuona tangu mapema, mama. Tulidhani unangoja mtu wa kukuchukua."

"Na mimi nilidhani mnangoja basi."

"Samahani. Hatukupaswa kukuacha peke yako." Alisema hivyo huku ameinamisha kichwa, jitu zima lenye nyota begani.

Wakaingia wawili katika gari la kijani, na nyuma yao magari mengine yakaanza kupakia. Walipanda daraja jipya, wakaingia njia ya watu watatu tangu mwanzo wake, na maili tisa za mateso zikapita dirishani kabla Vernelle hajafunga mkoba vizuri. Foleni ilibaki pembeni, taa nyekundu hadi upeo wa macho.

Karibu na mto unaovukwa kuingia Washington, mzee alipunguza redio.

"Mama, kesho tusimame wapi?"

Vernelle alidhani anamuuliza askari. Askari naye alikuwa amemgeukia yeye, anangoja.

"Nguzo ya kwanza," alisema. "Karibu na lango."

Mzee akaitikia kwa kichwa, na ikawa hivyo. Saa moja na dakika ishirini Vernelle alikuwa mezani pake, bahasha ya kwanza mkononi, na ilimchukua muda kuifungua, maana bado aliwaona watu wale wakivuka lami kuja kwake.