Kimya cha Bi Mayasa

Miye Mize sina subira ya picha za Kihindi. Mtu anaimba, analia, anakimbia kwenye majani, na mwisho wake baba mtu anasema hapana. Hapana za aina hiyo mume wangu ananipa bure nyumbani. Lakini kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri utanikuta kwa Bi Mayasa, hapa hapa Mkunazini, mlango unaotazamana na wangu, nimekaa mkekani na wanawake wa mtaa mzima. Hatwendi kutazama picha. Twenda kumsikiliza yeye.

Bi Mayasa ni mjane, anashona nguo za watu kwa cherehani, na India hajaikanyaga. Kihindi kakiokota sinema tangu usichana wake, na kingine kwa majirani Wahindi waliokaa ghorofa ya juu. Basi televisheni ikiwashwa, yeye hututafsiria. Baba anasema hivi, mama mtu anajibu hivi. Sauti yake ikipanda, hata chai hainyweki. Nimewaona wanawake wenye ndimi kama wembe wanajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na miye nimo, usinicheke.

Ila ana kasoro moja. Msichana kwenye picha akiulizwa na babake kama anamtaka mume aliyechaguliwa, naye akainamisha kichwa asiseme kitu, Bi Mayasa hutafsiri vile vile.

"Msichana anasema hataki."

"Ah, Bi Mayasa!" jirani yetu Fathiya humrukia kila mara. "Mbona hajafumbua mdomo?"

"Kasema. Nyinyi hamsikii."

Tukacheka miaka nenda miaka rudi. Siku moja nikamkamata peke yake tunachambua mchele, nikamwuliza maana yake nini. Akanambia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Usichanani mwake alipendana na Suhail, kijana wa Matemwe aliyekuwa akiendesha mashine ya picha sinema. Mapenzi yao yalikuwa ya macho tu, na salamu pale mlangoni, lakini Suhail alikwisha ahidi kutuma wazee. Kabla wazee hawajafika, ami yake Mayasa akaugua, na pale kitandani akausia kwamba Mayasa aolewe na mwanawe, Mansour. Wasia wa maiti nani atauvunja? Babake akamwita mbele ya jamaa, akamwuliza kama anamridhia Mansour.

"Nikanyamaza," Bi Mayasa akanambia.

"Kwa nini usikatae?"

"Nilikataa, Mize. Kule sinema msichana akinyamaza, watu wote wanajua hataki. Wanawake wanapiga kelele, wanamlaani baba mtu. Nikadhani na kwetu ndivyo. Nikainama kama wanavyoinama wao, nikangoja babangu aone."

Masikini! Babake aliona ada. Kwetu msichana akiulizwa akanyamaza, karidhia. Haya zimemshika, kimya chake ndiyo idhini yake. Fatiha ikasomwa pale pale. Suhail akarudi Matemwe, akaoa huko. Mayasa akaishi na Mansour, mtu mwema wallahi, akamzalia Ayoub, akaja kumzika kwa heshima zake zote. Miye nikarudia ungo. Nilichambua mchele uliokwisha chambuliwa.

Basi mwaka huu ikafika zamu ya Nassra, binti wa Ayoub, anayesoma chuo Tunguu. Moyo wake uko kwa Sabri, kijana wa Tumbatu anayesoma naye. Bibi yake akijua, miye nikijua, na Ayoub akijua pia, ila keshampa neno binamu yake kwamba Nassra ataolewa na mwanawe, Mudrik. Ukimgusa tu, anakwambia ahadi ni deni.

Siku ya jibu la posa wageni wa upande wa Mudrik walikaa nje barazani. Ndani tulikuwa Ayoub, mamake, Nassra, na miye na sinia langu la halua na kahawa.

"Mwanangu," Ayoub akasema, "Mudrik unamridhia?"

Nassra akajivuta mtandio, akainamisha kichwa. Tukangoja. Hakusema kitu. Nilijua kinachofuata.

"Alhamdulillahi," Ayoub akasema. Akageuka aende mlangoni.

"Msichana anasema hataki."

Ilikuwa sauti ile ile ya Ijumaa.

"Mama, hapa si sinema. Nassra hajasema kitu."

"Kasema. Wewe husikii. Mwulize tena, na umngoje mpaka atoe sauti."

Ayoub akauliza tena kwa hasira. Akangoja. Huko nje mtu akakohoa.

"Sitaki, baba," Nassra akasema. "Nisamehe."

"Na neno langu je? Nitaweka wapi uso wangu?" Alimgeukia mamake kumlaumu, halafu akasita. Ayoub si mjinga. Kakulia kwenye mkeka ule, tafsiri ile kaisikia tangu hajaota meno.

"Na wewe, mama," akauliza polepole, "siku ulipoulizwa kama unamtaka baba, ulisema nini?"

Bi Mayasa, anayewasemea wasichana wote wa Bombei, akainamisha kichwa. Hakusema kitu.

Subhanallah! Nimesikia vilio vya misiba na vigelegele vya harusi katika mtaa huu, sijapata kusikia kitu kikubwa kama kimya kile. Hata Nassra aliinua uso.

"Nimekusikia, mama," Ayoub akasema. Akaubusu mkono wake, akavaa makubadhi, akatoka barazani kuwaambia wageni kwamba binti yake kakataa.